Fundi Aliyeuliza Rangi

Ukiuliza mjini Karatu ni nani mwenye lugha nyingi kuliko wote, utaonyeshwa waongoza watalii: huyu ana Kifaransa, yule Kijerumani, mwingine Kichina cha kubabaisha lakini kinachomlisha. Wao wenyewe, wakishaegesha magari na kuagiza chai, watakutajia mtu mwingine: Mzee Yohani, fundi umeme wa magari, mwenye gereji ya uani nyuma ya maduka ya vipuri. Yohani hawezi kuomba maji kwa Kimaasai wala kuuliza njia kwa Kiiraqw. Anachokijua, ukiacha salamu, ni rangi tu. Nyekundu, nyeusi, nyeupe, kijani, bluu: anazitaja kwa lugha sita, pamoja na Kinyaturu cha kwao Singida, na anazitaja vizuri, kwa lafudhi ya yule aliyemfundisha.

Aliyemfundisha ni mteja. Yohani alikuwa akilala chali chini ya dashibodi, akivuta waya mmoja kutoka kwenye fungu lake na kuuliza kwa sauti ya mtu anayepiga soga, "Hebu niambie, rangi hii kwenu mnaiitaje?" Mteja alicheka, akataja, na mzee akalirudia neno mara mbili tatu hadi likakaa mdomoni. Watu walilipenda jambo hilo. Walisema mzee huyu anaheshimu makabila ya watu. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu aliyefanya kazi ya umeme karibu miaka arobaini alianza kupenda lugha miaka mitatu tu iliyopita.

Alianza pale macho yalipoingia ukungu. Mwanzoni alidhani ni vumbi, maana vumbi jekundu la Karatu halimwachi mtu. Akaosha uso, akabadilisha sabuni, akafuta kioo cha tochi. Ukungu ukabaki. Halafu rangi zikaanza kukaribiana: kahawia ikajiegemeza kwenye nyeusi, bluu ikafifia, nyeupe ikaingia umanjano wa karatasi ya zamani. Binti yake Janeth, mwalimu wa chekechea, alimwona siku moja akimimina chai nje ya kikombe, akamshika mkono.

"Baba, huo ni mtoto wa jicho. Wanautoa. Unaingia hospitali asubuhi, jioni uko nyumbani."

"Ni moshi wa kuni tu."

"Tunapikia gesi, baba."

Yohani akanywa ile chai iliyobaki, na mazungumzo yakaishia hapo, siku hiyo na siku nyingine nyingi.

Sababu ya kukataa hakuwahi kumwambia. Wazazi wake walitoka Singida kuja kuchuma kahawa kwenye shamba kubwa upande wa Oldeani, yeye akiwa na miaka sita. Baba yake alipopofuka, msimamizi wa shamba hakumfukuza; alimwachia chumba chake kwenye kambi ya wafanyakazi. Akakaa miaka kumi na mmoja kwenye kigoda mlangoni. Watu walimsalimia kila asubuhi kwa heshima zote, na baada ya salamu hakuna aliyemuuliza kitu tena: wala kahawa itaiva lini, wala jembe litiwe mpini wa mti gani. Aliketi katikati ya kambi yenye kelele kama mtu aliyekwisha kuhama. Yohani, ambaye wakati huo alikuwa anajifunza nyaya za trekta la shamba, alikuwa akipita pale na mafuta mikononi, akaona. Giza lenyewe hakuliogopa sana. Aliogopa kutokuulizwa, na kwenda hospitali kungekuwa kutangaza kwamba haoni.

Kwa hiyo alijificha, na kwa muda mrefu kujificha kulikuwa rahisi. Magari ya watalii yana nyaya nene, na mtu aliyezishika maisha yake yote anazijua kwa vidole: huu wa taa, huu wa pampu, huu wa friji ya soda za wageni. Pale vidole viliposhindwa, kulikuwa na mteja na lugha yake.

Ijumaa moja ya mwezi wa saba, saa tatu asubuhi, gari jeusi liliingia uani kimya kimya. Lilikuwa Lexus, la aina ile ambayo Karatu inapita tu, haisimami. Akashuka Mmaasai wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi, miguuni kandambili za matairi.

"Shikamoo, mzee Yohani."

"Marahaba. Sopai," mzee akamwongezea salamu ya Kimaasai.

"Epa! Kumbe ni kweli wanayosema." Akacheka. "Mimi naitwa Saruni. Nina kambi ya wageni kule Engaresero, kando ya ziwa la magadi. Nimeambiwa wewe hukati waya wa mtu ovyo."

"Waya uliotoka kiwandani siukati kabisa. Una shida gani?"

"Magadi, mzee. Vumbi la magadi la ziwani limekula tundu la chaji la simu yangu. Nimebadilisha mara tatu. Mara ya nne fundi wa simu kule Arusha aliniambia nisirudi tena, anaona haya kuchukua hela yangu." Akafungua boksi dogo. "Mgeni mmoja aliniachia kisahani cha kuchajia kambini. Unalaza simu juu, inakula chaji. Hakuna waya, hakuna tundu. Nikasema, basi, na gari liwe nacho. Gari hili ni la zamani kidogo, lilitengenezwa kabla mambo haya hayajaanza. Nataka uniwekee hapa mbele ya gia, kionekane kama lilizaliwa nacho."

"Unasafiri lini?"

"Kesho alfajiri. Geti la hifadhi pale Loduare likifunguliwa niwe wa kwanza. Naenda Oloipiri kumchukua mama, na barabara yote hiyo wageni wananipigia. Simu ikizima, nimepotea."

Akaitoa simu mfukoni, ikalia kama njuga. Ilikuwa imevishwa kava la shanga, kazi ya mama yake, lililomfikia jana yake tu kwa mkono wa dereva wa lori. Shanga zilikuwa zimetungwa kwenye waya mwembamba kama zinavyotungwa kola za akina mama, na mgongoni zimepangwa safu za vibati vidogo vya kung'aa. Yohani alilisikia zaidi ya alivyoliona. Akalisifia kwa sababu ya mlio.

Upande wa pili wa uchochoro, Lucas alikuwa amesimama mlangoni kwake akiliangalia gari. Lucas ana miaka thelathini na kitu, ana duka la redio na kamera za magari, na kompyuta ya kusoma hitilafu.

"Mzee Yohani," akaita, "hilo gari lina waya kama nywele za mtoto. Ukitaka macho ya ziada, niite."

Alikuwa anatania kama anavyotania siku zote. Yohani akahisi amechomwa mahali penyewe.

"Macho ninayo mawili," akajibu. "Yananitosha."

Na hapo hapo, akiwa anavuta kiti cha dereva nyuma, akajiwekea sharti moyoni. Hili gari atalimaliza mwenyewe. Akilimaliza, basi bado ni fundi, na hospitali itasubiri. Akishindwa, atafunga geti la uani na hatalifungua tena.

Alianza vizuri. Ana kabari alizozichonga mwenyewe kwa pembe ya ng'ombe, za kubandulia vifuniko vya ndani ya gari. Bisibisi inachubua, plastiki inavunjika, pembe inajipinda kidogo na kurudi. Aliipenyeza pembezoni mwa kifuniko cha mbao, akasikiliza, akasukuma, na vibanio vikaachia kimoja kimoja bila alama hata moja kwenye ngozi ya rangi ya maziwa. Saruni akapiga mluzi.

Chini ya kifuniko kulikuwa na fungu la nyaya kweli kama nywele. Yohani akaingiza vidole. Zote zilikuwa nyembamba sawasawa.

"Hebu, Saruni," akasema kwa sauti yake ile ya soga. "Huu kwenu rangi yake mnaiitaje?"

"Huo? Nanyokie."

"Nanyokie." Nyekundu, akajiambia. "Na huu?"

"Narok."

"Narok." Nyeusi. "Huu wa pembeni?"

"Naibor." Nyeupe. Saruni alikuwa anafurahia. "Endelea, mzee, utakuja kuolea kwetu."

"Na huu hapa?"

Saruni akainama, akautazama. "Huo ni mugie."

Yohani akaushikilia waya ule. Neno hilo hakuwa nalo. "Mugie ndiyo ipi?"

"Mugie ni mugie. Kuna ng'ombe wa rangi hiyo. Hajawa mwekundu, hajawa mweusi. Kama damu iliyokauka kwenye kibuyu." Akamwangalia mzee. "Si unaiona hapo?"

"Naiona, naiona. Nataka jina tu."

Kahawia, basi. Akakisia, na alikisia sawa. Lakini tangu pale aliona, au alihisi, kwamba Saruni ameacha kucheka na ameanza kumtazama mikono.

Akapitisha waya wake mpya chini ya kapeti hadi kwenye boksi la fyuzi, kando ya mguu wa dereva. Akahesabu matundu kwa ncha ya kidole, akapata lile linaloamka gari likiwashwa na kulala likizimwa. Akafunua kopo lake la fyuzi. Fyuzi za zamani zilikuwa na namba iliyochongwa kichwani, ukipitisha ukucha unaisoma. Za siku hizi namba imechapwa tu kwa rangi, juu ni laini kama jino. Alitaka ya namba tano, ile ya kahawia hafifu. Akachagua moja, akaigeuza juani, akaona imefifia vya kutosha, akaibana mahali pake. Karatasi ya maelekezo, yenye herufi kama mayai ya chawa, ilikuwa bado imekunjwa ndani ya boksi. Akaisogeza chini ya kiti pamoja na boksi lake.

Saa saba mchana kila kitu kilikuwa kimerudi mahali pake, na kisahani kimekaa mbele ya gia kama kilichozaliwa hapo. Saruni akawasha gari, akalaza simu juu, vibati vikalia.

Wakasubiri.

"Haili," Saruni akasema.

"Taa ya kisahani inawaka?"

"Inawaka."

Yohani aliinama kutazama. Kilichokuwa kwake taa kilikuwa doa la mwanga kwenye maziwa, lisilo na rangi wala umbo. Alitaka kuuliza ni ya rangi gani. Swali lilifika hadi kwenye meno. Lakini alikuwa ameshauliza rangi nyingi mno siku hiyo, na ya mwisho ilimgharimu, akalimeza.

"Nitafungua," akasema. "Kuna mahali sijabana vizuri."

Akafungua, akavuta kila kiungo, vyote vilishika. Akafunga. Haikula. Akafungua tena, akaondoa tepu, akalehemu upya, mkono mmoja ukishika waya na mwingine ukitafuta ncha ya moto kwa joto lake, akaungua kidole gumba, hakusema. Akafunga. Haikula. Kila mara moyo ulimwambia jambo lilelile: umechukua rangi siyo, Yohani, umepachika mahali siyo, na huwezi hata kujua ni wapi. Jasho lilimtiririka ndani ya shati na baridi ya mwezi wa saba ikiwa imeshuka kutoka msituni juu.

Saa kumi Saruni alikuja kusimama mlangoni mwa gari, mikono mfukoni.

"Mzee wangu, umelizalisha gari hili mara tatu leo na mtoto hajalia bado."

"Atalia."

"Mimi safari ni kesho. Kama haiwezekani, niambie, nimwite yule kijana wa ng'ambo."

"Nipe robo saa."

"Robo saa." Saruni akainama achukue simu yake kwenye kisahani, akaishika, akaiachia kwenye kiti. "Kha! Imekuwa kama sufuria."

Yohani akaiokota. Ilikuwa ya moto kweli, ila si yote. Vidole vyake, vilivyofanya kazi ya macho kwa miaka mitatu, vilitembea juu ya kava. Shanga zilikuwa vuguvugu. Vibati vilikuwa vinachoma. Akarudi kwenye shanga, akarudi kwenye vibati, kisha akabonyeza waya mwembamba kati ya shanga na shanga, nao ulikuwa na moto wake.

Alikaa akiwa ameshika kitu hicho kama anayesali.

"Nivue hili kava?" akauliza.

"La mama? Vua, lakini taratibu."

Akalivua, akalaza simu tupu juu ya kisahani. Ikatoa mlio mmoja mfupi.

"Inakula!" Saruni akapiga paa la gari kofi. "Mzee! Inakula! Kumbe ni vibati?"

"Chuma. Umeme huu unapita hewani. Ukikuta chuma katikati unaishia humo, unakipasha moto. Simu haipati kitu."

Alisema hayo kwa utulivu, lakini ndani alikuwa anaruka kama ndama. Kazi yake ilikuwa sahihi tangu saa saba. Kila kiungo, kila rangi. Sharti alilojiwekea lilikuwa limetimia.

Saruni alikuwa ameingia kwenye kiti cha dereva, anachekelea kisahani chake. "Ona, na taa sasa imetulia, ya kijani. Mchana kutwa ilikuwa nyekundu inapepesa, pa, pa, pa. Mimi nikadhani ndivyo ilivyo." Akapapasa chini ya kiti, akaifungua ile karatasi ya maelekezo. "Hata hapa wamechora. Ufunguo, sarafu, zimepigwa alama ya X. Taa nyekundu. Tungesoma tu, mzee!"

Furaha ya Yohani ikazimika. Taa ilikuwa imemwambia tangu saa saba, mara moja kila sekunde, umbali wa shubiri mbili kutoka puani kwake.

"Sasa nisaidie na hili," Saruni akaendelea, akimpa kava. "Mama akinikuta sijalivaa atanila nyama. Toa huo waya na hivi vibati, tunga tena kwa uzi wa nailoni. Wewe una mikono, nimekuona. Simpi mtu mwingine."

Ilikuwa rahisi kusema, mimi si mshona shanga. Saruni angecheka, angelipa, angeondoka, na Jumatatu wateja wengine wangekuja na lugha zao. Yohani alilishika lile kava. Shanga zilikuwa ndogo kuliko punje za ulezi, na kwake zilikuwa uji mmoja wa rangi.

"Siwezi," akasema.

"Unaweza bwana, kazi ya jioni moja."

"Sioni, Saruni."

"Huoni nini?"

"Shanga. Nyaya. Ile taa. Zile rangi nilizokuwa nakuuliza, sikuwa nataka Kimaasai. Nilikuwa sizioni."

Saruni alizima gari. Ng'ambo walimsikia Lucas akisogeza stuli.

"Umenifungulia gari," Saruni akasema polepole, "mara tatu. Bila kuona."

"Kwa vidole. Na kwa kukuuliza."

"Mzee, kesho nampakia mama yangu humu."

"Najua."

"Sasa unataka nifanye nini? Nikupongeze?"

"Umwite Lucas. Afungue yote, aangalie. Mimi nitakaa hapa."

Lucas alikuja akifuta mikono, tabasamu likiwa bado mdomoni, akakuta nyuso zilivyo, akalikunja. Yohani alimweleza mwenyewe, kwa sentensi mbili. Kisha akampa kabari zake za pembe, kwa sababu Lucas alikuwa amekuja na bisibisi.

Ni jambo gumu kumsikiliza mtu mwingine akipita ndani ya kazi yako. Yohani alikaa juu ya tairi kuukuu na kufuata kila mlio: kibanio, kibanio, tepu ikichanwa. Lucas alikuwa anasema kidogo kidogo, kama anayemsomea. "Kiungo cha kwanza safi. Cha pili safi, risasi ya kulehemu imekaa vizuri. Rangi sawa. Sawa. Hapa umepitisha waya mbali na chuma cha kiti, mimi nisingekumbuka." Saruni alisimama pembeni akipumua kwa pua.

Kisha Lucas akafika kwenye boksi la fyuzi.

Alikaa amechuchumaa pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alichomoa kitu, akakiangalia, akakifunika kiganjani. Yohani alijua kwamba kijana yule alikuwa anamwonea huruma, na kwamba akimwachia sekunde kumi zaidi, kile kitu kingeingia mfukoni na kingine kingekaa mahali pake, na hakuna ambaye angejua.

"Sema namba, Lucas," akasema.

"Mzee..."

"Sema."

"Ishirini."

"Ilitakiwa ngapi?" Saruni akauliza.

Yohani ndiye aliyejibu. "Tano. Nilichukua ya njano nikidhani ni kahawia. Fyuzi ni ya kukatika kabla waya haujaungua. Hiyo niliyoweka isingekatika. Kama waya ule mwembamba ungepata hitilafu, ungewaka wenyewe, chini ya kapeti, chini ya mguu wako. Labda usingewaka kamwe. Labda ungewaka mkiwa njiani, Malanja, wewe na mama."

Saruni alitoka nje ya uani, akasimama barabarani, akarudi. Hasira ilikuwa imempanda na haikuwa na mahali pa kwenda, maana aliyetakiwa kushtakiwa ndiye aliyekuwa shahidi.

"Ungeniambia asubuhi," akasema mwishowe.

"Ungeliacha gari?"

"Ningempa Lucas." Akafikiri. "Na Lucas angekata waya za kiwandani."

"Mimi?" Lucas akasema. "Ningekata, ndiyo. Ningezikata zote."

Saruni hakucheka, ila bega lake lilishuka kidogo. Lucas akaweka fyuzi ya namba tano, akafunga, gari likawashwa, simu ikalia mlio wake mfupi. Kava la shanga Saruni alilitia mfukoni. Mama yake atalitunga upya mwenyewe, akasema, na atamweleza sababu, na atacheka hadi machozi yamtoke. Alimlipa Yohani yote waliyopatana. Yohani akakataa nusu. Saruni akaiweka juu ya kopo la fyuzi, akaondoka bila kuaga kwa Kimaasai wala kwa Kiswahili.

Yohani alifika nyumbani Ganako kabla jua halijazama, akamkuta Janeth anachambua maharage kwenye ungo. Hakusubiri chai. Alimwambia kila kitu kuanzia nanyokie hadi ishirini. Janeth hakumwambia nilikwambia. Aliusogeza ungo pembeni.

"Kwa hiyo sasa utaenda hospitali."

"Nitaenda. Lakini siyo kwanza."

"Baba!"

"Janeth, miaka mitatu. Hili ni gari moja, na nimelijua kwa sababu ya vibati vya mama wa mtu. Nimeweka soketi kwenye magari mangapi? Mafriji mangapi? Yote yana fyuzi zangu. Yanaingia kreta kwa wanyama kila siku na watu ndani."

Janeth aliyaona moyoni magari hayo yakishuka mteremko mmoja baada ya jingine. Kisha akanyoosha mkono. "Lete simu. Nikusomee majina."

Wa kwanza alikuwa Lembris, mwongoza watalii, mwenye gari la kijani. Yohani alimwekea soketi tatu za nyuma mwaka uliopita.

"Lembris, Yohani hapa. Uko wapi?"

"Niko Ndutu, mzee, ndiyo tumeingia loji. Vipi, umepata neno jipya?" Nyuma yake kulisikika milango ya gari na watu wakicheka kwa lugha nyingine.

"Soketi nilizokuwekea, usizitumie. Zichomoe chaji zote za wageni. Ukirudi mjini mpelekee Lucas gari akague fyuzi. Mimi nitakuwepo."

"Kwa nini? Zinafanya kazi vizuri tu."

"Nilipoziweka sikuwa naona rangi vizuri. Huenda fyuzi ni kubwa kuliko waya."

Lembris alicheka, akaacha. "Unanitania."

"Sikutanii."

"Mzee, nina Wajerumani sita hapa. Wameshinda wanachaji makamera yao mchana kutwa kwenye hizo soketi zako!"

"Ndiyo maana nakupigia."

Simu ikakatika. Janeth akamtazama baba yake. "Amekasirika."

"Ana haki. Anayefuata nani?"

"Loserian."

Hakupokea. Aliyemfuata, Senteu wa gari la kubebea vyakula vya kambi, alipokea, akasikiliza hadi mwisho, akasema fundi mwenyewe akija na kengele shingoni kama ng'ombe atamkaribisha, ila si na bisibisi. Yohani akamshukuru. Wa nne alisema atalipeleka gari kwa mtu mwingine kabisa, Mto wa Mbu. Yohani akamwambia afanye hivyo, na haraka.

Walikuwa kwenye jina la saba simu ilipoita yenyewe. Ilikuwa namba ya Lembris, na sauti yake ilikuwa imeshuka, ya mtu aliyeinama mahali pa kubana.

"Mzee, nimefungua boksi la fyuzi. Nina tochi. Kuna nyingi humu. Ile ya soketi zako ni ipi?"

Yohani alifumba macho, ambayo hayakuwa yakimsaidia kitu, akaliona boksi lile lote.

"Safu ya chini. Hesabu kutoka kushoto, ya nne. Ni ya rangi gani?"

"Njano."

"Itoe. Sasa geuza kile kifuniko ulichokifungua, ndani kuna za akiba. Kuna nyekundu?"

"Subiri." Kitu kilianguka, Lembris akalaani kwa Kimaasai. "Ipo. Nyekundu. Namba kumi."

"Ndiyo hiyo, soketi tatu zinataka kumi. Ibane mpaka isikike."

"Imesikika. Na hii iliyo pembeni yake, mzee, nayo ni yako? Maana nayo naona kama imeungua kidogo."

"Pembeni kulia au kushoto?" Yohani akauliza, akavuta kigoda karibu na dirisha ambako mtandao hushika vizuri, akaketi. "Niambie unavyoiona, yote, usiharakishe."